Kabla ya hundi, tafuta nani atakaa kusikiliza

Swali la msomaji: "Mimi ni diwani katika mji mmoja wa pwani, Tanzania. Nilipokuwa kwenye ziara ya mafunzo Ujerumani, mwenyeji wetu alituambia kwamba mji wa Frankfurt huwapa wanafalsafa tuzo ya euro 50,000 kutoka kwenye fedha za mji. Nilipolitaja hilo kikaoni, wenzangu walicheka: zahanati hazina vitanda, sisi tumpe mtu hela kwa sababu anafikiri? Kweli mji mzima unafanya hivyo? Unapata nini? Na sisi tunaweza kuwa na tuzo yetu ya wasomi wa historia, lugha na mambo kama hayo bila kugeuka kichekesho?"

Mheshimiwa diwani,

Ni kweli kabisa, na wala si Frankfurt peke yake. Stuttgart, alikozaliwa mwanafalsafa Hegel mwaka 1770, ina tuzo yenye jina lake. Hamburg ina ya Lessing, mwandishi wa tamthilia, na nyingine ya Aby Warburg, mwanahistoria wa sanaa. Ludwigshafen, mji wa viwanda vya kemikali ambao sijawahi kusikia mtalii akiuulizia, una Tuzo ya mwanafalsafa Ernst Bloch, na mwaka 2018 ilikwenda kwa Achille Mbembe, Mkameruni anayefundisha Johannesburg. Vienna nako wana tuzo ya jiji iliyotengwa waziwazi kwa wasomi wa insia. Insia ndilo neno la vyuoni kwetu kwa hayo uliyoyaita "mambo kama hayo": historia, lugha, fasihi, falsafa, dini, sanaa. Litumie kikaoni. Halitamshawishi mtu, lakini litawanyamazisha kwa dakika moja.

Nitabaki Frankfurt kwa sababu ndiko ulikouliza, na nianze na hesabu, maana najua kamati yako ya fedha haitasikia jingine kabla ya hilo. Tuzo uliyoambiwa ni Tuzo ya Theodor W. Adorno. Hutolewa kila baada ya miaka mitatu. Ukizigawa hizo euro 50,000 kwa miaka mitatu unapata kama euro 16,700 kwa mwaka, na mji wenyewe una watu zaidi ya 750,000. Kila mkazi anachangia senti mbili na ushei. Sitaki kukuchongea kwa wapiga kura wako, lakini chukua posho, mafuta na chakula cha mchana cha vikao vyenu vya robo mwaka moja, uziweke pembeni ya kiasi chochote ambacho mji wenu ungethubutu kumpa msomi, kisha uone kipi kirefu.

Kwa hiyo wenzako wamecheka, ila wamechekea pasipo penyewe. Pesa ni sehemu rahisi. Kazi iko kwingine: mji unamjengea mtu jukwaa, unampa kipaza sauti, halafu meya na wakubwa wote wanakaa chini wamsikilize, na hakuna aliyepitia hotuba yake. Hapo ndipo penye gharama. Miji mingi ina euro 50,000. Yenye masikio ni michache.

Adorno ni nani hata apewe jina la tuzo? Ni mtoto wa pale pale. Alizaliwa Frankfurt tarehe 11 Septemba 1903, baba mfanyabiashara wa divai mwenye asili ya Kiyahudi, mama mwimbaji. Alisoma falsafa, akasoma na utunzi wa muziki, akaanza kufundisha katika chuo kikuu cha mji wake. Mwaka 1933 Manazi wakashika nchi, na Septemba ya mwaka huo huo akanyang'anywa kibali cha kufundisha. Akaenda Oxford, kisha New York, kisha California, akarudi nyumbani 1949. Alifariki Agosti 1969. Tuzo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1977, na tarehe yake ikawekwa siku ya kuzaliwa kwake. Kwa kuwa aliandika juu ya falsafa na juu ya muziki na sanaa, tuzo nayo haikufungiwa kwa wanafalsafa tu. Inagusa muziki, tamthilia na filamu. Ndiyo maana katika orodha utamkuta mtunzi Pierre Boulez, mwaka 1992, na mwongozaji filamu Jean-Luc Godard, mwaka 1995.

Ukifika tena kule, omba wenyeji wako wakupeleke kampasi ya Westend ya chuo kikuu. Usitegemee sanamu la shaba la mtu aliyenyoosha mkono. Utakuta sanduku kubwa la kioo. Ndani yake kuna meza ya kuandikia, kiti, taa ya mezani, karatasi, na kile kidude cha wanamuziki cha kuhesabia mapigo. Mtu hayupo. Ni kazi ya msanii wa Kirusi, Vadim Zakharov, ya mwaka 2003, Adorno angefikisha miaka mia. Mimi nilisimama pale nikafikiria jinsi sisi tunavyowakumbuka watu wetu: mnara wa saruji, rangi mpya kila mwenge unapopita, na bango la mfadhili kubwa kuliko jina la marehemu.

Sasa, unapata nini? Tazama waliopewa, na tazama walichofanya na jukwaa.

Wa kwanza alikuwa Norbert Elias, mwanasosholojia, akiwa na miaka 80. Alikuwa msaidizi wa profesa hapo hapo Frankfurt mwanzoni mwa miaka ya 1930, akakimbia 1933 kwa sababu ni Myahudi, kabla hajakamilisha hatua ya mwisho ya kumruhusu kufundisha. Kitabu chake kikubwa kinafuatilia jinsi watu wa Ulaya, karne hadi karne, walivyojifunza kutopengea kamasi mezani, kushika uma, kuona haya kutema mate mbele za watu, na jinsi haya hiyo ilivyokwenda sambamba na kukua kwa dola. Kilichapishwa Uswisi mwaka 1939. Fikiria mwaka huo, juzuu mbili za Kijerumani za Myahudi aliye uhamishoni: nani alikuwa na nafasi ya kuzifungua? Alikaa miaka mingi bila wasomaji. Akafundisha Leicester, Uingereza. Kati ya 1962 na 1964 alikuwa profesa wa sosholojia Ghana, kule Legon, akaondoka na mkusanyiko wake wa sanaa za Kiafrika. Frankfurt ilipomwita mwaka 1977 ilikuwa inamwita mtu aliyelazimika kuukimbia mji huo. Kwa ada zetu, mzee wa namna hiyo angeshukuru, angetoa machozi kidogo, angeketi. Yeye hotuba yake aliipa jina la heshima na ukosoaji, akamheshimu Adorno na kumkosoa Adorno humo humo, ndani ya tuzo yenye jina la Adorno.

Hapo desturi ikawekwa. Mwaka 1980 akaja mwanafalsafa Jürgen Habermas. Meya wakati ule alikuwa Walter Wallmann wa CDU, chama cha kihafidhina. Habermas alisimama akazungumzia usasa kama kazi ambayo bado haijakamilika, akawagawa wahafidhina mafungu matatu, akalichambua kila fungu moja moja. Mtu anaweza kutokubaliana naye, na wengi hawakukubaliana, lakini hotuba ile imesomwa vyuoni dunia nzima kwa zaidi ya miaka arobaini, na kila anayeisimulia hutaja ilikotolewa. Andika hilo kwenye hoja yako chini ya "faida": maandishi yaliyozaliwa katika mji wenu. Usiandike utalii. Watakuuliza takwimu na hutakuwa nazo.

Inayonigusa zaidi mimi ni ya Jacques Derrida, mwaka 2001. Huyu alizaliwa Algeria, katika mji wa El Biar. Hafla ilikuwa iwe tarehe 11 Septemba kama kawaida, lakini yeye alikuwa safarini China, ikasogezwa hadi tarehe 22. Tarehe 11 ya mwezi ule unaijua mwenyewe. Kwa hiyo ukumbi ulijaa watu waliokuwa wameshinda siku kumi na moja wakitazama minara ikianguka kwenye runinga, na mbele yao amesimama mwanafalsafa anayeanza kwa kusimulia ndoto. Ndoto si yake. Ni ya Walter Benjamin, rafiki wa Adorno, ambaye mwaka 1939, akiwa kizuizini Ufaransa, alimwandikia barua mke wa Adorno akimweleza kwamba ndotoni alijisikia akisema, kwa Kifaransa, habari za kugeuza shairi kuwa fichu.

Fichu ni kitambaa ambacho wanawake wa Ufaransa walijitanda shingoni au kichwani. Ni neno la mtaani pia: kitu kikiwa fichu, kimekwisha habari yake. Derrida alilikamata neno hilo, akalifunua na kulikunja saa nzima, akaipa hotuba jina hilo hilo kwa wingi. Wasomaji wengi wa falsafa huona huo ni mzaha wa Wafaransa. Mwanamke wa Mombasa au Unguja asingeshangaa hata kidogo. Hotuba nzima imesimama juu ya kanga moja na jina lake, na jina lina maana mbili, na aliyelengwa anajijua.

Halafu, katikati ya hayo, akaligusa lile ambalo kila mtu alikuwa analisubiri. Akasema huruma yake kwa waliouawa haina masharti. Kisha akasema huruma hiyo haitamfanya aamini kwamba kuna upande wowote wa siasa usio na lawama katika jinai ile. Siku ya kumi na moja baada ya tukio! Nijibu kwa ukweli, mheshimiwa: katika ukumbi wenu, mtu wa itifaki asingekuwa tayari amesimama kumfuata kwenye mimbari?

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2012, alipoteuliwa Judith Butler, mwanafalsafa wa Marekani. Yeye ni Myahudi, na kwa miaka kadhaa alikuwa ameikosoa siasa ya Israeli na kuunga mkono kususiwa kwake. Tena kulikuwa na maneno aliyowahi kuyasema kuhusu Hamas na Hezbollah ambayo wengi yaliwaudhi. Viongozi wa Wayahudi wa Ujerumani walipinga vikali, magazeti yakawaka, waandamanaji wakasimama nje. Na mji ule si mji wowote. Mbele ya historia ya Frankfurt, malalamiko ya Wayahudi wake si jambo la kupuuzwa, na sitaki nikuoneshe kwamba waliopinga walikuwa watu wa kelele tu. Lakini uteuzi haukufutwa. Tuzo ilitolewa tarehe 11 Septemba, ndani ya Paulskirche, na Butler akatoa hotuba juu ya swali alilolichukua kwa Adorno mwenyewe: je, mtu anaweza kuishi maisha mema ndani ya maisha mabaya?

Paulskirche ni kanisa la zamani la duara la yai, mawe mekundu, katikati ya mji. Mwaka 1848 lilikaa humo bunge la kwanza la Ujerumani yote. Mabomu yaliliteketeza Machi 1944, likajengwa upya kabla hata watu hawajapata paa juu ya vichwa vyao, ili liwahi miaka mia ya bunge lile, Mei 1948. Ndani ni peupe, pa kawaida mno, viti na bendera. Ukitoka mlangoni, mwendo wa dakika mbili tatu unakufikisha uwanja wa Römerberg, mbele ya ofisi za meya. Hapo, tarehe 10 Mei 1933, vitabu vilichomwa moto.

Na hapa nikuoneshe upande wa pili, usije ukaenda kikaoni ukidhani Wajerumani wana dawa. Frankfurt ina tuzo kongwe kuliko ya Adorno, Tuzo ya mshairi Goethe, iliyoanza 1927. Mwaka 1930 ilikwenda kwa Sigmund Freud, daktari Myahudi wa Vienna, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi. Kamati iligawanyika, maana nje kulikuwa na chuki nyingi dhidi yake, na chini ya meya Ludwig Landmann mji ukashikilia. Freud alikuwa mgonjwa, kansa ya kinywa, hakuweza kusafiri. Binti yake Anna alikwenda kumsomea hotuba katika nyumba ya Goethe, tarehe 28 Agosti. Miaka mitatu baadaye vitabu vya Freud vilichomwa katika miji ya nchi ile ile. Landmann, aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi, aliondolewa madarakani, akaishia mafichoni Uholanzi, ambako alifariki 1945. Na Tuzo ya Goethe? Haikufutwa. Mwaka 1934 alipewa mtunzi wa muziki Hans Pfitzner, aliyejulikana kwa maandishi yake dhidi ya Wayahudi. Jina la tuzo lile lile, mji ule ule.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 2023 kule Bremen, tuzo ya fikra za kisiasa yenye jina la Hannah Arendt ilikuwa apewe mwandishi Masha Gessen. Wiki ile ile likatoka andiko lake lililoilinganisha Gaza na maghetto ya Wayahudi chini ya Manazi. Serikali ya Bremen ikajitoa kwenye hafla, wakfu uliokuwa mshirika ukajitoa. Tuzo alipewa hatimaye, lakini ukumbini padogo, polisi wakilinda, bila ule ukumbi wa fahari wa mji. Iwe ulilikubali andiko lile au hukulikubali, wote waliona kilichotokea: walimpa mtu tuzo ya kufikiri, wakaogopa alipofikiri.

Nimeyashuhudia ya kwetu pia. Mji sitautaja. Nilikuwa mwalimu kijana, nikaalikwa kwenye hafla ya kumtuza mzee mmoja aliyekuwa amekusanya majina ya mitaa na visima vya mji wake kwenye madaftari ya shule, miaka na miaka, kwa kalamu ya wino. Mahema yalifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, vya mbele vikavishwa vitambaa. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili na nusu. Akaja, wakasalimu kwa itifaki mpaka jua likatuhama. Ngoma ikachezwa, mdhamini akasema neno, mwakilishi wa mdhamini akasema neno. Ikaja hundi ya kadibodi kubwa kama mlango, picha zikapigwa. Mzee akapewa dakika tatu. Alitoa karatasi kwenye mfuko wa kanzu, akavaa miwani, akasoma bismillahi na sentensi kama mbili. MC akamshika bega kwa upole: "Mzee wetu, muda si rafiki." Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni.

Jioni nilimfuata nyumbani nikamwomba niione. Kurasa nne, mwandiko wa kiarabu na wa kirumi umechanganyika. Zilikuwa zinahusu kisima kimoja ambacho halmashauri ilikifukia kupitisha barabara, na jina la mtaa lililofukiwa pamoja nacho, na kwa nini maji hujaa pale kila masika. Yaani maneno ambayo mhandisi wa mji angelipa pesa kuyasikia yalikaa mfukoni kwa sababu ya kadibodi.

Basi nikujibu swali la mwisho. Mnaweza. Kisheria sioni kizuizi: baraza la madiwani likipitisha, kasma ikawekwa kwenye bajeti kutoka mapato ya ndani, na vigezo vikaandikwa, mkaguzi atakuta karatasi zake. Ile asilimia kumi ya mapato inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu msiiguse hata kwa mzaha. Anzeni na kiasi kidogo, na kila baada ya miaka mitatu. Kila mwaka mtaishiwa watu, mtaanza kutuzana.

Wenzako wakikuuliza vitanda vya zahanati, usishindane nao, wanasema kweli. Waulize tu ni kitanda kipi kilichokosekana kwa sababu ya mwalimu wa historia.

Jambo la kubishaniwa kwa muda mrefu ni nani msomi. Nakusihi msiandike "awe na shahada ya uzamivu". Mkiandika hivyo mtakuwa mmemtoa Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki 2017, mtu ambaye maprofesa wa Ulaya walikwenda kukaa miguuni pake kujifunza Kiswahili. Utenzi wake juu ya chombo cha Lamu ulichapishwa Leiden mwaka 1979, umejaa msamiati wa ujenzi wa vyombo ambao mafundi wenyewe walikuwa wanaanza kuusahau. Neno runinga, nililolitumia hapo juu bila kufikiri, linahesabiwa kuwa lake. Na nyuma yake kuna Mwalimu Sikujua wa Mombasa, wa karne ya 19, ambaye bila ya kuyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji leo tungekuwa na Muyaka wa vipande. Hakuna aliyemtuza. Jina lake lenyewe watu wengi hawalijui, na Muyaka wanamkariri.

Waandishi wa riwaya na mashairi siku hizi wana pa kupeleka kazi zao: kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, kuna ya Safal ya fasihi ya Kiafrika kwa Kiswahili. Ninyi msiwarudie hao. Nafasi iliyo wazi ni ya huyu wa madaftari.

Msiweke fomu ya kuomba. Tuzo kama ya Adorno haiombwi, na hilo lina maana yake: wanaojua kujaza fomu si lazima ndio wanaojua mji. Kamati iwe ya watu saba hivi, madiwani wasizidi wawili, na angalau mmoja atoke nje kabisa ya mkoa, asiye na shemeji hapo. Frankfurt wanasiasa wamo kwenye kamati, sitakudanganya, lakini wanakaa pamoja na watu wa taaluma na utamaduni. Mkishachagua, msimrudishie mteuliwa sharti lolote la nini aseme. Kama mnamwogopa, msimchague. Hiyo ni heshima zaidi kuliko kumchagua na kumkata kauli.

Kuhusu jina, epukeni aliye hai, na epukeni aliye madarakani hata kama amekufa jana. Kama mji wenu ni Tanga, jibu mnalo Vibambani tangu mwaka 1909, alipozaliwa Shaaban Robert. Ila mjue mnachokifanya: jina kubwa ni kipimo. Mkimpa mtu dhaifu tuzo ya Shaaban Robert, watu hawatamcheka yeye, watawacheka ninyi, na safari hii watakuwa wamechekea penyewe.

Ukiwa na rasimu, nitumie kabla haijafika kamati ya fedha. Vigezo nitavisoma, bajeti nitaipitia. Lakini ukurasa nitakaoufungua kwanza ni ratiba ya siku ya hafla. Nataka kuona mtunukiwa amepewa dakika ngapi, mgeni rasmi amepewa ngapi, na nani kati yao anazungumza wa mwisho.